Mzigo Usizidi Kilo Nane

Jumatatu, 12 Mei 2025

Bahasha ya Traudi imefika. Imechukua wiki tano kutoka kwao Austria hadi hapa Kipalapala — ningekwenda kuifuata kwa miguu ningekutana nayo njiani. Ndani kuna barua, picha yake mwenyewe akiwa na nywele nyeupe kabisa (mimi nyeusi bado ni nyingi, Mungu ahimidiwe), na kijitabu cha rangi chenye milima kila ukurasa.

Basi ni kweli. Mwezi wa nane anatimiza miaka sabini na zawadi anayoitaka ni mimi. Tulifanya kazi pamoja miaka minne hapa zahanati, tukizalisha watoto kwa taa ya chemli, na tangu arudi kwao hatujaonana. Miaka thelathini na moja! Tiketi anakata yeye. Siku saba za kutembea milimani, kulala kwenye vibanda vya huko juu, halafu siku mbili za mwisho ni baiskeli. Chini ameandika na kupigia mstari: mzigo wa mgongoni usizidi kilo nane. Na nifanye mazoezi, hasa ya kupanda.

Kupanda nini? Tabora hii ukimwaga maji hayajui yaende wapi.

Amemwalika Dionis pia. Mume wangu amekisoma kijitabu chote, miwani puani, kama alivyokuwa akisoma ratiba enzi zake za stesheni masta. Ukurasa wa kumi na moja akanyanyua uso. Kuna treni, akasema. Hii hapa, magurudumu yake yana meno, inapanda mpaka kileleni. Na nyinyi mtakuwa mnatembea kando ya reli? Nikasema ndiyo. Akavua miwani. Akasema yeye kazi amestaafu na kutembea amestaafu, na kuku wataachiwa nani.

Sawa. Nitakwenda mwenyewe. Nina miaka sitini na miwili na sijawahi kwenda mahali popote bila kutumwa, kuitwa kazini au kufiwa. Naandika hapa kwa sababu kwa mdomo bado siwezi kulisema: nataka kwenda. Nataka sana.

Jumatano, 14 Mei

Mazoezi, siku ya kwanza. Nimechukua begi la mgongoni la mwanangu Anton, la tangu sekondari, nikatia kilo nane za mahindi. Nikashika ile barabara ya zamani ya misafara kuelekea Kwihara. Hesabu yangu ilikuwa saa mbili, kwenda na kurudi.

Saa mbili hazikutosha hata kufika nusu. Huwezi kumpita mtu. Shikamoo, marahaba, za nyumbani, za watoto, mahindi mmepata gunia ngapi. Baiskeli tatu zimesimama ili zinipakie. Bodaboda mbili. Wote nimewaambia hapana, asanteni, natembea tu. Mmoja wa bodaboda akazima pikipiki kabisa ili anisikie vizuri.

Halafu mama mmoja akatua ndoo yake, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema pole mama, nani amefariki? Nikamwambia hakuna aliyefariki. Akasema ndiyo, mwanzoni hata sisi huwa tunasema hivyo. Amenisindikiza nusu saa nzima, analia kidogo kidogo. Mwisho nami machozi yakanitoka, sijui ya nani.

Wakati wa kurudi nikapita kwa Sayi kuomba maji. Sayi ni jirani yetu, Msukuma wa Igunga, anauza maziwa kwa baiskeli, na kwa kuwa wao na sisi Wanyamwezi ni watani basi kwangu hana adabu hata kidogo. Nimemwonyesha kijitabu. Mlima hakuuangalia hata mmoja. Aliangalia ng'ombe. Hawa ni wa nani? Mchungaji wao yuko wapi? Mbona wamefungwa kengele, wanaingia darasani saa ngapi? Kisha akaligeukia begi langu. Akasema nyie Wanyamwezi mna mambo. Babu zenu walibeba pembe za ndovu za watu mpaka Bagamoyo, kazi ikaisha, mkaachwa mpumzike. Sasa mmeandika barua ya kuomba kurudi.

Jumamosi, 17 Mei

Mapaja. Leo sina la kuandika, ni mapaja tu. Kukaa shida, kuinuka shida. Dionis ameuliza kama kilele kimeanza kuonekana.

Jumanne, 20 Mei

Nimepata mlima! Ulikuwepo siku zote. Ni kile kichuguu kwenye mpaka wa shamba letu na la katekista Xavery, kikubwa, kimepita paa la nyumba, upande mmoja kuna nyasi na mwingine kumekuwa kama ngazi.

Traudi anasema fimbo za kutembelea huwa mbili. Sina fimbo. Mkono wa kulia nikashika mchi, wa kushoto mwiko ule mrefu wa ugali wa harusi. Begi mgongoni, kitambaa kichwani kwa ajili ya jua. Nimepanda na kushuka mara arobaini. Nilikuwa nahesabu kwa sauti nisije nikajipunja.

Mara ya thelathini na kitu nikaona watu wamesimama kule njiani. Sita. Nikapunga mwiko. Hakuna aliyenisalimia. Nikadhani jua limewachosha.

Alhamisi, 22 Mei

Si jua.

Jana hakuna aliyekuja kununua mayai. Leo asubuhi mtoto wa jirani yetu Elieth — nilimtoa mimi kwa mikono hii, alikuja na miguu kwanza — alikuwa anakimbilia kwangu, mama yake akamvuta nyuma. Elieth hakuniangalia usoni. Nimekaa na hilo moyoni asubuhi nzima, linauma.

Mchana akaja katekista Xavery. Kofia mkononi, amekaa ukingoni mwa kiti. Akaanza na hali ya hewa. Akaenda kwenye bei ya mbegu. Akazunguka kwenye afya ya akina mama wenye umri mkubwa. Najua alikokuwa anaelekea. Mwanamke wa miaka sitini, kichuguu, mchi, anahesabu peke yake — kwetu huku maneno ya uchawi hayaishii kwenye maneno. Nilipokuwa nesi niliwafunga vidonda wanawake ambao maneno yao yalianza na kitu kidogo kuliko kichuguu.

Mwisho akasema, mama, labda ni mambo ya sala?

Nikasema najiandaa na safari. Safari ya wapi? Ya mlimani, Ulaya, kwa miguu, siku saba. Uso wake ukafunguka wote. Hija, akasema.

Nilitaka kusema likizo. Naapa neno lilikuwa ulimini. Lakini mtu amekuona juu ya kichuguu na mwiko wa harusi, utamwambia vipi kwamba ni likizo? Nikanyanyua kikombe cha chai, nikanywa polepole. Akachukua kwamba nimeitikia.

Jumapili, 25 Mei

Imetangazwa kanisani. Mama yetu Apolinaria anakwenda hija ya mlima mrefu, kwa miguu, kwa ajili ya kigango chote. Vigelegele. Elieth amevuka kanisa zima kuja kunikumbatia. Nimefurahi kukumbatiwa, nimeona aibu hapohapo, vyote kwa wakati mmoja.

Sikujua kinachofuata ingawa ningepaswa kujua, mimi Mkatoliki wa kuzaliwa. Anayekwenda hija hubeba nia za wenzake, yale wanayotaka waombewe. Tulikuwa hatujamaliza chakula, Mama Imakulata amefika na karatasi iliyokunjwa mara nane. Nyuma yake wawili. Nyuma yao jumuiya nzima. Nikatoa ndoo nyeupe ya lita ishirini nikaiweka karibu na mlango.

Dionis aliyekuwa hataki hata kusikia habari za mlima! Amewapanga foleni. Wazee mbele, wenye watoto wachanga mbele, wengine subirini. Kila mmoja anamkaribisha, anampokea karatasi, anaitia mwenyewe ndooni. Hajawahi kuwa hivi tangu astaafu. Nikamwambia pumzika, baba Anton. Akasema watu wakishafika stesheni lazima wahudumiwe.

Ijumaa, 30 Mei

Baiskeli. Sikuwahi kujifunza, ujana wangu msichana akipanda baiskeli alikuwa anasemwa. Dionis ametoa ya kwake, akashusha kiti, akatia mafuta mnyororo, akarudi zake kwa kuku. Mwalimu ni Sayi. Ufundishaji wake ni mmoja: anashika nyuma, anasukuma, anaachia, anacheka.

Tulikuwa uwanja wa mpira. Nimeanguka kushoto. Nimeanguka kulia. Wakati huo kwaya inatoka mazoezini, wakasimama kando kwa heshima, maana ni mtu wa hija huyu. Nilipoanguka mara ya tatu mmoja wao akaanzisha wimbo wa Njia ya Msalaba na wengine wakaitikia kwa sauti zote nne. Nimelala pale chini, gurudumu bado linazunguka, nasikiliza besi. Wameimba vizuri kwa kweli.

Mara ya nane nimekwenda! Kutoka goli hadi goli. Upepo masikioni. Sikujua kwamba kumbe ni hivi. Watu wamekuwa wakipita na baiskeli mbele yangu miaka sitini na hakuna aliyeniambia.

Jumatano, 4 Juni

Nimerudi kutoka Dar, nilikwenda kuacha alama za vidole kwa ajili ya viza. Treni kwenda, treni kurudi. Wakati wa kurudi tumesimama Tura asubuhi, nikaiona ile ofisi ndogo aliyokaa Dionis miaka tisa na kibendera chake. Treni haikuweza kuondoka mpaka yeye aridhie. Nilikuwa nampelekea chai pale, nikiwa na mimba ya Anton.

Binti wa dirisha la viza alikuwa mpole lakini haelewi. Madhumuni ya safari? Nikasema kupanda mlima na kushuka. Na baada ya hapo? Nikasema kupanda mwingine. Akaniuliza nina kitu gani cha kunirudisha Tanzania. Nikasema mume, na kuku. Akaandika kitu kifupi. Sijui ameandika mume au kuku.

Jibu ni wiki mbili au tatu. Anton atapokea bahasha huko Dar na kuituma kwa basi. Nimemkataza kuifungua. Nimemwambia akiifungua nitajua, na anajua kwamba nitajua.

Nikikosa sijui nitafanya nini. Nimeshaanza kuota milima ile. Ndotoni ina vichuguu.

Jumamosi, 7 Juni

Ndoo imejaa. Watu hawaleti karatasi peke yake. Kuna mishumaa, rozari zilizokatika, picha ya marehemu yenye fremu na kioo chake, chupa ya soda yenye udongo wa shamba lenye kesi, ripoti ya shule ya binti aliyefeli hesabu, na jembe. Jembe lisilo na mpini, lakini jembe. Ndoo nimeipeleka zahanati nikaitundika kwenye mizani ya watoto. Kilo kumi na moja na nusu. Magreth, nesi wa siku hizi, amenipa pole, akasema mtoto kwa umri wake yuko vizuri, aendelee kunyonya.

Kilo nane ndiyo mwisho. Na humo sijatia hata sweta.

Nikaona hapana, yatosha, nikaenda kuungama. Padre Leodgar ni kijana, hajamaliza hata mwaka tangu atoke kwenye seminari yetu hapa. Nikamwambia kila kitu. Kwamba si hija, ni likizo. Kwamba nilinyamaza na kikombe cha chai. Kwamba watu wananipa siri zao na mimi nakwenda kula jibini.

Akaomba kuona kijitabu. Nilikuwa nacho kwenye mkoba, natembea nacho. Akafungua, akaweka kidole. Huu juu ya kilele ni nini? Nikasema msalaba, kwao vilele vingi vina msalaba. Akasema mama, utatembea kwa miguu, siku saba, umebeba sala za watu mgongoni, hadi kwenye msalaba. Nieleze ni sehemu gani hapo ambayo si hija. Nikasema sehemu ya jibini. Akafikiri. Akasema hiyo utaitoa kama sadaka.

Uongo wa kunyamaza hata hivyo ni uongo, akasema, na malipizi akanipa. Vitu vyote nivirudishe kwa wenyewe, yeye atavibariki hapahapa. Karatasi nizinakili kwenye daftari moja jepesi bila majina, nizichome. Na kila nia niiombee kabla sijaondoka, na tena huko juu. Kila moja. Hakuna kuruka hata ile isiyonipendeza.

Nimetoka mwepesi. Nilidhani malipizi yangekuwa magumu.

Jumanne, 17 Juni

Siku ya nne ya kunakili. Naandika nia, nasali, naichoma, nachukua nyingine. Nimefika mia moja na thelathini.

Nilizalisha nusu ya kijiji hiki na nilidhani nawajua. Siwajui. Mmoja anaomba mume wake apunguze kukoroma au yeye apunguziwe masikio. Mwingine anataka mbuzi wake wa mwaka juzi arudishwe, aliyemchukua anamjua, na Mungu naye anamjua, kwa hiyo kinachosubiriwa ni nini? Kuna anayeomba mvua ianzie kwake. Kuna wa kwaya anaomba kigango cha jirani wapate koo siku ya mashindano, si ugonjwa mkubwa, koo tu. Watatu, kwa miandiko tofauti, wanaomba katekista Xavery afupishe matangazo. Zote nimeziombea kwa uaminifu. Hiyo ya matangazo kwa uaminifu zaidi.

Na kuna moja imeandikwa maneno matatu: Mimba hii ikae. Najua ni ya nani. Amepoteza tatu, mbili nilikuwepo. Hapo niliweka kalamu chini nikatoka nje nikasimama kidogo. Likizo au hija, hiyo ningeipandisha mlima hata kwa magoti.

Jumatano, 18 Juni

Namba mia moja themanini na saba.

Karatasi imekatwa kwa rula. Herufi kubwa, zimesimama wima, saba ina mstari katikati. Mwandiko huo nimeusoma miaka thelathini na minane, kwenye barua kutoka Tura, kwenye orodha za sokoni, kwenye cheti cha ubatizo cha mwanangu. Nanakili hapa kama ulivyo:

"27 Mei. 1. Viza ya Apolinaria isitoke. 2. Ikitoka, milima isimpendeze sana. 3. Arudi. Mwisho."

Hakuna jina. Kilichokosekana ni muhuri tu.

Kwanza nimekasirika. Yule! Anapanga watu foleni, anashusha kiti cha baiskeli, kumbe naye ametia karatasi yake humo ndani! Nilitoka na karatasi mkononi niende nikamwonyeshe. Alikuwa bandani anaongea na kuku. Anawaambia kwamba mwezi wa nane mama hatakuwepo, watavumilia, yeye atajitahidi. Alikuwa anawaambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayejizoesha.

Nikarudi ndani. Nimecheka nikiwa nimefunika uso na kanga. Halafu sikuwa nacheka tena. Miaka yote hii nilidhani mtu anayengoja kuitwa ni mimi. Kumbe yeye alialikwa, akasema hapana haraka haraka, na tangu siku ile anatafuta namna ya kurudi kwenye ndiyo na njia haioni.

Jambo lingine ni hili. Hii nayo ni nia. Na mimi nimepewa malipizi.

Ijumaa, 20 Juni

Nia mia mbili na kumi na nne zimekwisha. Nimeziombea mia mbili na kumi na tatu.

Nimepiga magoti mara nne kwa ajili ya ile moja. Kila nikianza "Ee Bwana, viza ya Apolinaria…" ulimi unageuka wenyewe unasema itoke. Nimemuuliza Padre Leodgar kama mtu anaweza kuombea jambo huku anatumaini Mungu hasikilizi. Akaniuliza ni nia ya nani. Nikasema siwezi kutoa siri. Akasema basi omba pamoja na mwenyewe.

Rahisi kwake, hana mke.

Nyumbani Dionis amepika wali. Mwenyewe, bila kuombwa. Umeungua chini, amenipakulia wa juu.

Jumatatu, 23 Juni

Anton amepiga simu asubuhi, bahasha iko kwenye basi lililoondoka jana jioni. Dionis akasema atakwenda stendi yeye. Nikasema tuende wote. Akasema hapana, jua kali. Saa tatu asubuhi, mwezi wa sita, mtu amevaa sweta, anasema jua kali.

Ameondoka na baiskeli. Stendi na kurudi ni saa moja na nusu, amechukua saa nne. Nimepanda kichuguu mara sitini, bila begi, bila mchi, kwa wasiwasi tu, na kila nikifika juu naangalia barabara. Watu waliopita chini walinisalimia vizuri sana.

Nilimwona kwa mbali anakuja. Alikuwa hapandi baiskeli. Alikuwa anaisukuma, anatembea, polepole, bahasha ameiweka kifuani ndani ya sweta. Dionis aliyestaafu kutembea! Nilishuka nikaingia ndani haraka asinione nilikokuwa.

Ameiweka mezani. Haijafunguliwa, gundi yote iko mahali pake, nimeikagua na hakukasirika. Akasema fungua. Nikasema fungua wewe. Akasema ni yako. Tukakaa. Ni nyembamba. Nimeibonyeza, pasipoti ipo ndani, lakini pasipoti hurudi hata ukikataliwa, Anton alishaniambia. Hakuna cha kujua kwa kubonyeza.

Nikaona hapana. Nikaenda chumbani nikaleta daftari.

Nikamwambia, baba Anton, kabla hatujafungua. Nia zote nimeziombea isipokuwa moja, na padre alisema hakuna kuruka. Hiyo moja peke yangu imenishinda. Nisaidie. Nikamfungulia ukurasa, nikaweka kidole kwenye mia moja themanini na saba.

Alisoma. Alisoma muda mrefu, kwa mistari mitatu. Masikio yakaanza kuiva. Akauliza huu mwandiko wa nani. Nikasema wangu, nimenakili. Akauliza ile karatasi yenyewe iko wapi. Nikasema nimeichoma kama nilivyoagizwa. (Si kweli. Iko ndani ya Biblia. Nitaungama.)

Akasema inaelekea aliyeandika hivi hakuwa na ubaya. Nikasema sijasema ana ubaya, nimesema tuombe. Akasema labda siku ile alikuwa amechoka. Nikasema labda. Akasema pengine mtu huyo hata hajui mke… hajui huyo msafiri anakwenda kutafuta nini huko. Nikamwambia mbona angeuliza tu. Nikamwambia hatafuti kitu. Anataka kupanda mahali pa juu mara moja, aone, ashuke, aje amsimulie mtu. Na huyo mtu ningependa awepo nyumbani nikirudi. Nimeyasema hivyo hivyo, moja kwa moja, mpaka nikajishangaa.

Akavua kofia. Akaanza mwenyewe, kwa jina la Baba, na la Mwana. Sauti ya stesheni. Akafika namba moja. Akakwama. Akasafisha koo. Akaanza upya, kwa jina la Baba, akafika palepale akakwama tena.

Halafu akasema Apolinaria. Si mama Anton. Miaka mingapi sijui hajaniita hivyo. Akauliza, haiwezekani tukaanza na ile ya tatu?

Padre alisema kila moja. Sikumbuki kama alisema kwa mpangilio. Nimemwambia anipe dakika mbili nifikirie, na dakika zenyewe ndizo hizi naandika. Bahasha iko katikati ya meza. Yeye amekwishapiga magoti, sakafuni, bila mkeka, daftari la nia amelikumbatia. Anangoja mimi nianze.